Katikati Palikuwa Peupe

Kiongoroni, 9 Agosti 2023

Mjomba Sufiani,

Shikamoo, na salamu zangu zimfikie mkazamjomba Mwamini. Huku mama yako, Bibi Swaumu, ni mzima, ila magoti yanamgomea. Leo ameanika kamba peke yake, na nilipotaka kumsaidia akanifukuza kama kuku.

Utashangaa barua inatoka Kiongoroni na si Mohoro kwa mume wangu. Simu yangu imeungua, na huku mtandao ni wa kuwinda. Tena wewe na simu hampatani, masikio yako nayajua. Nampa nahodha Khamisi aifikishe Nyamisati, kisha ipande gari hadi dukani pale stendi ya Kibiti.

Mjomba, nimerudishwa. Talaka sijapewa, lakini nimerudishwa, na binti yangu Sabra wamebaki naye.

Lile banda lao refu la Mohoro unalikumbuka: jiko langu la kuuzia chakula upande huu, mashine ya kukoboa mpunga kati, ghala upande ule, yote chini ya bati moja. Mchana mmoja niliwasha kiberiti niunge mchuzi, moto ukanirukia. Mpira wa gesi ulikuwa umetafunwa na panya, sikujua. Nyusi zimeondoka zote. Nikatoka mbio. Hakufa mtu, alhamdulillah, lakini mpunga wa msimu mzima umekwisha, na mashine ni chuma kitupu.

Moto wa jikoni ni wangu, sikatai. Lakini mama mkwe, Bi Mwamvua, anasema aliliona banda kwa ubavuni wakati linashika. Maneno yake ni haya: “Huku panawaka, kule ghalani panawaka, katikati peupe. Moto hauna miguu miwili. Wa pili umewashwa na mkono.” Na mkono, wanasema, ni wangu. Wanasema nilitaka kumfilisi mume wangu Miraji.

Mjomba, ulisomesha sayansi watu mpaka ukastaafu. Moto unaweza kufanya hivyo au hauwezi? Na njoo, tafadhali. Kikao kitakuwa baada ya Maulidi, na unajua pasipo mjomba mpwa hana kinywa.

Mwanao,
Mwanahalima


Kibiti, 20 Agosti 2023

Mpwa wangu Mwanahalima,

Marahaba. Barua imefika ikinuka kamba wakavu, nikajua imetoka kwa mama kabla sijaifungua. Mkazamjomba wako anakusalimu. Huku mikorosho imeanza kutoa maua, na jirani yangu ameanza ugomvi wake wa kila mwaka juu ya mpaka.

Pole sana, mwanangu. Pole kwa nyusi, pole zaidi kwa Sabra. Sasa tulia, nikujibu taratibu, maana swali lako ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji yanayotafuta bonde. Kwa hiyo kabla hujagusa kiberiti, huenda ilikwisha kutambaa chini ya mashine hadi ghalani.

Mwali ukiingia ndani ya gesi, kwa kawaida huenda kwa kupokezana. Tabaka linaloungua hulipasha la jirani, nalo likishika hulipasha la mbele yake, kama watu waliojipanga kutoka mtoni wakipeana ndoo. Kwa njia hiyo hakuna mtu anayerukwa, na kama ndiyo njia pekee, mkweo ana haki ya kushangaa.

Lakini ipo ya pili. Kaa mbele ya jiko la mkaa, upepo ukikupiga mgongoni. Hewa ya moto inakimbilia kule, mbali nawe, ila uso wako bado unaungua. Kinga uso kwa ungo; joto linakatika hapo hapo. Basi joto hilo halikuletwa na hewa. Limesafiri kama mwanga unavyosafiri, kwa mstari. Vitabuni huitwa mnururisho. Hewa safi haiuzuii, na gesi safi inaumeza kidogo mno. Unapita kama jua linavyopita kwenye kioo, na kioo kinabaki baridi.

Ila ukikuta punje ya vumbi, punje inaumeza, kama baibui jeusi linavyolimeza jua la saa saba. Punje inapata joto, inaipasha gesi iliyoizunguka, na gesi inaweza kushika pale pale, mbele kabisa, kabla mwali wenyewe haujafika. Nyuma huku panawaka, mbele kule panawaka, na kati panabaki peupe kwa kitambo kidogo. Bi Mwamvua huenda hakusema uongo hata neno moja. Aliona vizuri, akaeleza vibaya.

Sasa nami nina swali. Mnururisho unahitaji vumbi lililo angani, si lililolala. Je, mashine ilikuwa inakoboa wakati huo, ikirusha pumba? Nijibu hilo kwanza, maana maelezo yote yanasimama juu yake.

Mjomba wako,
Sufiani


Kiongoroni, 7 Septemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Bibi yuko salama, anauliza mwanawe atakuja lini. Mnamwambia huku ni mbali, yeye anasema mbali ni kaburini tu.

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nimekaa mbele ya jiko na ungo, Bibi akaniuliza nimerogwa na nani. Ni kweli, linakatika. Nimeelewa. Lakini mimi si ninayehitaji kuelewa, Mjomba! Wanaohitaji kuelewa wako Mohoro, wamekaa na binti yangu.

Mashine ilikuwa mbovu. Ilikuwa haijazunguka tangu wiki ile ianze, fundi anasubiriwa kutoka Ikwiriri.

Umeandika “huenda”, umeandika “inaweza”. Niandikie “ndivyo ilivyokuwa”. Andika hivyo, tia sahihi yako na cheo chako cha zamani, kisha njoo uyaseme kwa mdomo. Maulidi ni mwisho wa mwezi huu. Shemeji Abdulaziz, mdogo wake Miraji, alipita Nyamisati, akamwambia Khamisi kwamba Sabra anauliza mimi nimesafiri kwenda wapi. Wamemwambia nimekwenda kununua nyusi.

Mwanahalima


Kibiti, 15 Septemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama nitakuja Mungu akipenda. Mkazamjomba hajambo hajambo. Joto la Kibiti limekuwa la kukaanga.

Hilo la nyusi limenichekesha, kisha likaniumiza.

Siwezi kuandika “ndivyo ilivyokuwa”. Sikuwepo. Nikiapa jambo ambalo sikuliona, nitakuwa nimefanya lile lile alilofanya mkweo alipoapa juu ya mkono ambao hakuuona. Ninachoweza kuapa ni kwamba inawezekana, na kikao cha watu waungwana hakimhukumu mtu kwa jambo lenye njia mbili.

Tena barua yako imenitia shida mpya. Umesema mashine ilikuwa kimya. Basi vumbi lilitoka wapi? Acha nikueleze tena, maana hapa ndipo wanafunzi wangu wote walikuwa wakiteleza. Mnururisho si rafiki wa moto siku zote. Mwali unaotupa joto nje unajipunguzia wenyewe; gesi ikiwa hafifu, unaweza kutoa na kutoa mpaka ukapoa na kufa. Joto lile lile linauua moto mahali pamoja na kuuwasha mahali pengine. Linaloamua ni kilichoko mbele yake. Kukiwa na hewa tupu, joto limepotea bure. Kukiwa na wingu la vumbi, joto limepata pa kutua.

Vumbi lililolala juu ya magunia halitoshi. Lazima lilikuwa limeinuliwa muda huo huo, upande wa ghalani, na kitu au mtu. Upepo? Kuku? Nani alikuwa ghalani, Mwanahalima?

Sitaweza kuja kwenye kikao. Naambatanisha maelezo kwenye karatasi nyingine, yasomwe mbele ya wazee.

Mjomba wako,
Sufiani


Kiongoroni, 12 Oktoba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Bibi mzima.

Kikao kimekaa. Nilikwenda Mohoro na barua yako badala yako. Ngoja nikueleze, ufurahi.

Mwenye kikao alikuwa Mzee Mohamedi, baba mkubwa wa Miraji. Abdulaziz ndiye aliyesoma. Alianza vizuri, akafika kwenye ndoo na watu wa mtoni, akaanza kuruka mistari. Nikamwambia, “Shemeji, umeruka.” Akasema, “Shemeji, hata moto uliruka.” Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mzee Mohamedi akauliza, “Yaani Mwalimu anasema joto limetoka jikoni likaenda zake ghalani? Limeota mbawa?” Mwingine akasema, “Kama joto linaruka namna hiyo, mbona wake zetu wanashinda jikoni na majirani hawaungui?” Nikajaribu kusema habari ya vumbi. Mzee Mohamedi akaniinulia kiganja: “Mwanangu, wewe huna kinywa hapa. Mjomba wako yuko wapi?” Mjomba wangu yuko wapi? Miraji alikuwa anatazama mkeka tu. Bi Mwamvua hakusema kitu siku nzima zaidi ya yale yale: alikuwa anatoka kisimani, akaona.

Wameahirisha mpaka mjomba aje mwenyewe. Asipokuja, wataamua. Sabra nilimwona kwa mbali, kasukwa vibaya.

Gari la Kibiti lipo kila asubuhi, Mjomba, lami mpaka karibu. Ulikuja kwenye ndoa yangu kula pilau. Na lile swali lako la vumbi umeliuliza mara mbili. Usiliulize tena.

Mwanahalima


Kibiti, 25 Oktoba 2023

Mwanahalima,

Leo nitaacha habari za korosho.

Nimeifikiria barua yako kwa hasira, kisha bila hasira. Nimekasirishwa na watu wanaocheka jambo ambalo wangelithibitisha kwa ungo na jiko la mkaa. Nimejikasirikia pia: niliandika kurasa mbili za ndoo na vioo kwa watu waliotaka kuona uso wangu. Na wewe umenikasirisha, maana umenikataza swali.

Nimefundisha muda mrefu kutosha kumjua mtoto asiyejua jibu na mtoto anayelijua akalikalia. Asiyejua hubahatisha. Wewe hukubahatisha hata mara moja. Hukusema kuku wala upepo. Kwa hiyo unajua nani alilitimua vumbi lile. Na kama unalificha, basi kulisema kunakuumiza mahali fulani. Sikulazimishi uniambie mimi. Lakini nisikilize: bila vumbi, moto ule umewashwa na mkono. Kwa vumbi, hauhitaji mkono. Unachokikalia ndicho kitu pekee kinachoweza kukutoa.

Kuja siwezi. Usiniulize, kama nami nisivyokuuliza.

Ila nampa Khamisi kofia yangu, ile ya viua aliyonishonea mkazamjomba wako. Mzee Mohamedi anajua maana yake, baba yangu aliwahi kuituma yake Mohoro kabla hujazaliwa. Iweke juu ya mkeka mahali ambapo ningekaa. Ikikaa pale, kinywa changu ni chako. Sema ulilonalo.

Sufiani


Kiongoroni, 26 Novemba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Bibi anacheka peke yake tangu jana, na mvua imetujazia mitungi yote. Nakuandikia Sabra akiwa amelala nyuma yangu, mguu wake uko juu ya mgongo wangu.

Niliiweka kofia. Abdulaziz akaanza, “Kofia nayo itasoma barua?” Mzee Mohamedi akamkemea: “Kaa chini! Hapo kakaa mtu.” Kisha akaniambia, “Sema, mjomba wake Mwanahalima.” Hivyo hivyo, Mjomba, kama anayezungumza na wewe.

Nilikuwa nimekariri maneno yako yote, mwali, punje na kioo. Yakanitoka yote. Nikamgeukia mama mkwe. “Mama, siku ile hukuwa unatoka kisimani. Ulikuwa ghalani unakung'uta magunia.”

Ndilo hilo nililolikalia. Magunia yale aliyokuwa akiyapiga ukutani, pumba na vumbi vikitoka kama moshi, yalikuwa ya mchele wa harusi. Miraji alikuwa anaoa mke wa pili kule Umwe, na mimi nilikuwa sijaambiwa. Niliambiwa na mashoga kisimani, nikanyamaza, na siku ile nikawa nasikia magunia yanapigwa, pu, pu, kila gunia najua ni la nini. Kisha kikohozi kikamtoa nje, nami nikawasha kiberiti.

Walipofika kuniuliza baada ya moto kama nilikuwa najua habari za harusi, nilisema sijui. Ningesema najua, wangesema ndiyo sababu umechoma. Ningesema mama alikuwa anakung'uta magunia, wangeuliza umejuaje ni ya nini. Kwa hiyo nilifunga mdomo, na yeye alifunga wake, kwa sababu harusi ilikuwa siri. Tumekaa wanawake wawili miezi yote hii juu ya gunia moja.

Nikawaambia pale pale: “Ndiyo, nilijua. Ndiyo, nilikuwa na hasira, hasira ya kuvunja vyungu. Lakini sikwenda ghalani. Ghalani alikuwepo mama.”

Miraji akasema, “Mama?” Bi Mwamvua akaufunika uso kwa kanga. Mzee Mohamedi akamwambia, “Mwamvua, shemeji yangu, ulikuwa kisimani au ulikuwa ghalani?” Akajibu ndani ya kanga, “Nilikuwa nakung'uta. Nilitoka kukohoa tu. Vumbi lilikuwa limejaa, mkono wako huuoni.”

Basi hapo kila mtu akawa mtaalamu. “Aaa, vumbi la pumba! Linashika kama petroli!” Mzee Mohamedi akatoa hukumu kwamba moto umetambaa juu ya vumbi kutoka jikoni mpaka ghalani, mkono haukuwepo, na jina langu lisitajwe tena kwa ubaya. Mjomba, nilitaka kuwaambia haukutambaa, katikati hapakuwa na vumbi, ndiyo maana palikuwa peupe. Nikaitazama kofia, nikanyamaza. Nisamehe. Najua ungewasimamisha.

Miraji ameniomba nirudi. Nimemwambia nitajibu nikiwa kwa mjomba wangu, na Sabra nikamchukua mkononi, na hakuna aliyenyanyuka kunizuia.

Sasa zamu yako. Fundi wa mashine wa Ikwiriri alikuwepo kikaoni, aliwahi kuja kwako Kibiti kutengeneza pampu. Aliniuliza mkazamjomba anaendeleaje tangu upande wake wa kulia ulale, na kama ameanza kusema. Tangu Julai, Mjomba! Unamlisha, unamgeuza, unamwogesha peke yako, na kwangu unaandika “hajambo hajambo”. Umeniandikia habari za joto kurasa kwa kurasa, za mkeo hukuniandikia mstari. Na mimi nikakuandikia habari ya pilau.

Tunakuja, mimi na Sabra, barabara ikipitika. Usiniandikie kwamba hakuna haja.

Mwanao,
Mwanahalima


Kibiti, 10 Desemba 2023

Mpwa wangu Mwanahalima,

Marahaba, marahaba. Njooni. Chumba cha nyuma kinavuja pembeni, nimehamisha kitanda.

Ni kweli. Hasemi bado, lakini nilimsomea barua yako yote, na nilipofika kwenye “hapo kakaa mtu” alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nikasoma tena kifungu hicho, akacheka tena. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa na moto wako, sikutaka kukuongezea wangu. Nadhani wewe na mimi na Bi Mwamvua tungekaa darasa moja.

Juzi Miraji alikuja, na mchele, na viatu vyenye matope. Alikaa barazani. Kisha akaniambia, “Mjomba, wazee wamenituma nikuulize wewe mtaalamu, tufunge jambo hili. Moto ulitambaa juu ya vumbi, sivyo? Kama sivyo, Mzee Mohamedi anasema kikao kirudi kikae.”

Unajua nilivyokuwa, Mwanahalima. Ungo uko pale, jiko la mkaa linawaka pale, na chaki ninayo mpaka leo kwenye mtoto wa meza. Moto haukutambaa. Joto lilipita katikati palipo peupe bila kugusa kitu, likatua kwenye vumbi la mama yake. Ningemwelewesha mpaka adhuhuri. Angerudi Mohoro na nusu ya maelezo, na kikao kingekaa tena na ile nusu, na Sabra angekuwa katikati.

Mkazamjomba wako Mwamini alikuwa ananitazama kutoka kitini mlangoni.

Nikamwambia, “Vumbi ndilo, mwanangu.”

Akashukuru, akaondoka. Sikusema uongo, lakini mpaka sasa ulimi unaniwasha. Ukija, nitakueleza yote tangu mwanzo, nawe utanisikiliza mpaka mwisho.

Kofia usisahau. Kichwa kinapigwa na jua.

Mjomba wako,
Sufiani